Fimbo Namba Saba ya Kufukuza Kuku

Fimbo yangu ya golf ya namba saba, yenye ilinilisha miaka mingi, leo kazi yake ni kufukuza kuku. Bibi yangu wa ndoa anaikala pa kigoda hapa Kashikishi, ng'ambo ya ziwa, upande ya Zambia, ametandaza chisense ku jua, tusamaki tudogo sawa misumari. Kuku ya jirani ikikaribia tu, anaichapa na namba saba: paa! Haangalii hata. Mi niliyecheza na fimbo ile mbele ya bakubwa ba kampuni, sikupigaka sawasawa vile.

"Ona, fundi," ananiambia. "Hii njo golf yenyewe."

Ndiyo, nilikuwaka mucheza golf wa kulipwa. Professionnel. Batu ba huku bakisikia, bananiangalia toka muguu mpaka kichwa: "Papa, mupira gani banachezaka na tumbo ile?"

Masomo niliacha mu kati. Nilikuwa mwaka ya tano primaire wakati niliona kama kubeba begi ya golf kunatoa mukate na sardine, na kubeba daftari kunatoa viboko tu. Nikachagua. Nilibebaka begi za batu miaka kumi na mbili, ku uwanja ya kampuni moja ya migodi kule Katanga. Pa shimo zetu hapakuwa majani. Ilikuwa muchanga yenye bamechanganya na mafuta ya zamani ya moteur, tunailainisha na reki mbele ya mutu kupiga. Jioni mupira inanuka garage, na miye vilevile.

Mais lakini kazi ya mubeba-begi haiko kubeba. Punda pia anabeba. Kazi iko mu kinywa: "Patron, twaa namba hii, piga upande huu." Miti ilikuwa inaficha upepo, basi siye tulikuwa tunaangalia moshi ya kiwanda. Moshi ikilala huku, unajua. Miaka kumi na mbili ya kushauri batu, mpaka mudomo yangu ikazoea kufunguka yenyewe, sawa mulango yenye kitasa imekufa.

Kisha nikapata karatasi ya professionnel, na muhuri. Siku ileile nikakimbia kwa baba ya binti nilimupenda. Mzee alikuwa amestaafu ku treni, na koti yake ya kazi alikuwa anaivaa hata mu joto. Akasoma karatasi, akaipindua, akasoma na nyuma, kwenye hakukuwa kitu.

"Kijana, unafanyaka kazi gani?"

"Ninacheza, papa."

"Mutoto wangu wa mwisho pia anacheza. Eko na miaka sita. Sijamutafutia bibi."

Nikamueleza kama club inatafuta mwalimu wa golf, kazi yenye inakuja na nyumba ya matofali. Mwenye atashinda shindano ya mwisho wa mwezi, njo atakamata nafasi.

"Bon," mzee akasema. "Ukiikamata, utaoa. Ukikosa, rudia mabegi yako, na njia ya hapa uisahau."

Siku ya shindano akakuja mwenyewe, na koti, akatufuata mashimo yote. Binti alibakia nyumbani. Aliniambia baadaye kama siku ile aliunguza bukari, ugali yetu, mara mbili.

Tulibakia bawili: miye na mwanaume mumoja murefu, mupole, wa upande ya Zambia, mwenye alikuwa hajaonaka uwanja yetu. Mashimo mbili zimebakia, niko mbele yake na pigo moja tu. Mu kichwa nilishaanza kupanga nyumba ya matofali: kitanda hapa, kabati pale, mzee pale karibu na mulango, asikae sana.

Ku shimo ya kumi na saba, murefu anasimama. Anakuna kichwa. Anatoa namba tano, anairudisha, anaitoa tena. Mi niko nyuma yake, kidogo ku kushoto, palepale nilisimamaka ile miaka yote. Nikaangalia moshi. Na mudomo ikafunguka.

"Bwana, hapana tano. Ona moshi, upepo iko nyuma yako. Twaa sita."

Akaniangalia. Akatwaa sita. Mupira ikapanda, ikashuka karibu na bendera, ikatulia sawa kuku yenye inaatamia. Na miye, Mungu anisamehe, nikapiga makofi.

Mutu wa sheria ya muchezo, na kravati yake, akakuja mbio. Mu golf, kumushauri mwenye unashindana naye ni kosa: banakuongezea pigo mbili.

"Mais nilimuambia ukweli!"

"Njo kosa yenyewe."

Nilipiga muzuri mpaka mwisho, hesabu ikakataa. Nilipoteza na pigo moja. Murefu akanishika mukono, macho imejaa mayi. "Ndugu, pole. Nilipaswa kuziba masikio." Nikamuambia asijali, mais kesho akifundisha, achunge kichuguu ya shimo ya tisa, inakulaka mipira.

Nikaenda kwa mzee. Alikuwa ameikala pa begi yangu.

"Nieleze. Ulifanya nini?"

"Nilimuambia fimbo ya kupiga, papa."

"Nani?"

"Ule nilikuwa nashindana naye."

"Alikuuliza?"

"Hapana."

"Alikulipa?"

"Hapana, papa."

Kisha koti ikaanza kutikisika, na nikaona kama mzee anacheka. "Miaka yangu yote ku treni nimeona banaume banaficha mushahara, mu soksi, mu kofia, bibi asijue. Huyu ameshindwa kumuficha adui upepo! Basi binti yangu, huyu atamuficha nini?"

Nyumba ya matofali ikaenda kwa murefu. Mi nikapata binti.

Nilichezaka miaka mingi nyuma ya pale. Nilishinda mara mbili: mara moja radio, mara moja mbuzi. Radio ilikufa, mbuzi tulikula. Siku moja nikakuta bamepanda mihogo pa uwanja, na mistari ilikuwa minyoofu kupita mipira yangu. Njo kustaafu kwangu. Wakati vita ilitusukuma tuvuke ziwa, bibi alibeba sufuria, mi nikabeba namba saba. Mu mashua alinitukana mpaka ng'ambo.

Juzi mama mumoja mununuzi toka Mununga akasimama pa chisense yetu. "Bashikulu," akaniita babu na luga ya huku, "hii imekauka?"

"Yetu ya leo asubuhi," nikajibu, "ingali na mayi. Ile ya mama pale imekauka muzuri."

Akashukuru, akaenda pale.

Bibi yangu akasimama polepole. "Baba alisema hutanificha kitu. Hakusema utaambia soko muzima!" Akainua namba saba na mikono mbili.

Nikarudi nyuma. Mais alikuwa ameishika mubaya sana, siwezi kudanganya.

"Mama," nikamuambia, "mukono ya kushoto ishuke kidogo."