Kanga Zetu Pembeni mwa Kiwanja

Shangazi, dada yake baba, alikuja kwetu Mwananyamala kutoka Lindi kutibiwa tumbo. Tumbo likapona, yeye hakuondoka. Mama alikuwa ameshafariki, basi kazi yake ikawa kutuchunga mie na dada yangu mkubwa, kwa sababu tulicheza mpira wa magongo.

Baba alikuwa na sharti moja: njiani tufunge kanga juu ya sketi za mchezo. "Nikisikia mmeonekana mapaja barabarani, magongo nayatia jikoni." Siku hizo vijana wa chama waliwazomea wasichana wenye sketi fupi, na baba aliogopa maneno ya watu.

Jumamosi moja walikuja watu wa kuchagua timu ya mkoa. Dada alicheza katikati, mie kushoto. Hatukuitana. Akiinua bega tu, mie nimeshakimbia. Tukachaguliwa sote wawili, mazoezi Jumanne.

Tulipofuata kanga zetu kwenye matofali ya pembeni mwa kiwanja, tulikoziacha kabla ya mchezo, hazikuwepo.

"Amechukua shangazi yenu," mwenzetu akasema. "Eti anakwenda kuzifua. Chukueni yangu."

"Kanga moja, miguu minne?" dada akamjibu. Mie nililia. Akanigeukia, "Funga mdomo, tembea."

Mafundi baiskeli wakapiga miluzi. "Kitambaa kimewaishia dukani?" Penye bomba mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Hawana mama hao, ndiyo maana." Nilimchukia huyo kuliko vijana wote.

Baba alikuwa kibarazani, shangazi pembeni yake, kanga zetu mapajani mwake. Tukasema shikamoo. Baba hakuitikia.

"Si nilikwambia mpira huu utawaharibu, kaka? Mtaa mzima umewaona."

"Nguo zao unazo wewe?"

"Nilizichukua kuzifua."

"Mbona kavu?"

Dada akasema, "Baba, tumechaguliwa timu ya mkoa. Sote wawili."

Baba hakumtazama. Alimtazama shangazi. "Umewavua wanangu njiani ili unionyeshe mimi. Aibu hii ni yako." Kisha akatwambia, "Ingieni ndani, mnanuka jasho."

Hakusema twende mazoezini, hakusema tusiende. Magongo hakuyagusa.

Jumanne tulipotoka, shangazi alikuwa amekaa mlangoni, kanyoosha miguu. Tulisema hodi, hakuikunja. Dada akamruka. Mtu mzima harukwi, nilijua hivyo. Nami nikamruka.