Mikono ya Mama Mdogo Somoe

Nilipokuwa darasa la tatu kwetu Mpapura, nilitokwa na kidonda kwenye kidole cha shahada, na sikuhitaji mtu wa kuniambia kimetoka wapi. Nilikuwa nimekula bibo la Mzee Issa. Bibo moja tu, lile tunda la mkorosho lenye maji mengi, tena lilikuwa limeshaanguka lenyewe. Lakini shamba lile lilikuwa na kago.

Kago ni dawa ya kulinda shamba. La Mzee Issa, jirani yetu, lilikuwa gamba la konokono lililofungwa kitambaa chekundu na kuning'inizwa kwenye mkorosho wa mpakani. Bibi alishanieleza kazi yake bila kunificha kitu: mwizi huanza kutokwa na kidonda mkononi, kisha madoa ya mviringo humtoka mwilini ili kila mtu amjue. Dawa yake ni moja. Unakwenda kwa mwenye shamba, unakiri, anakunawisha mikono kwa maji yake mwenyewe. Ukinyamaza, huponi.

Basi nikakifunga kidole kitambaa, nikasema nimejikata na kisu. Niliogopa kukiri.

Msimu huohuo mbuzi wa bibi alikuwa amezaa mapacha, na wote wawili wakatokwa na vidonda vyenye magamba midomoni, wakashindwa kunyonya. Aliyewaokoa ni mama mdogo Somoe, kitinda mimba wa bibi. Asubuhi na jioni tulikaa jikoni, mimi nimempakata mmoja na yeye mwingine, tukiwalisha uji kwa vidole. Somoe aliwaosha midomo kwa maji ya chumvi, akayabandua magamba taratibu kwa kucha huku akiwaimbia. Alikuwa na raha siku hizo. Alikuwa ameposwa na kijana wa Mikindani, na harusi ingekuwa korosho zikiisha.

Kwanza Somoe naye akatokwa na kidonda, kwenye dole gumba. Baada ya siku kadhaa yakaja madoa: mekundu, ya mviringo, yenye kiini cheusi katikati, viganjani na mikononi hadi viwiko. Na wiki hiyohiyo Mzee Issa akalalamika kwamba gunia lake la korosho limechukuliwa shambani. Wanawake waliiona mikono ya Somoe bombani, na hapakuwa tena na la kuuliza.

Mjomba, kaka yake mkubwa Somoe, alikuja akaamua: aende akanawishwe kabla habari haijafika Mikindani. Bibi alikuwa akilia.

"Kubali tu, mwanangu. Akunawishe, yaishe."

"Mkono utapona, mama," Somoe alisema. "Na jina je?"

Hakwenda. Aliinuka akawakorogea mbuzi uji.

Kwa akili yangu ya kitoto nilielewa kwamba kago limekosea njia. Limenitafuta mimi, likampata yeye, maana tulilala kitanda kimoja. Kesho yake nilipotoka shule nilikwenda peke yangu kwa Mzee Issa, nikakifungua kidole mbele yake.

"Ni mimi, babu. Nilikula bibo moja."

"Na gunia?"

"Gunia silijui."

Hakuwa mtu mbaya, lazima niseme. Alileta kata ya maji, akaninawisha, akanipa mabibo mengine matatu. "Mwambie na mama yako mdogo aje," alisema. "Simng'ati."

Wiki haikuisha, kidole kikakauka na gamba likadondoka. Nilikionyesha kila nilipopita. Baadaye mikono ya Somoe nayo ikasafika, bila kunawishwa na mtu. Ungedhani sasa watu watamwacha. Wapi! Walisema amekwenda kukiri kwa siri, la sivyo angeponaje? Mzee Issa alipoulizwa alicheka tu, na kicheko kikachukuliwa kuwa jibu. Ushahidi mkubwa nilikuwa mimi: mtoto kakiri, kapona. Watu wa Mikindani hawakuja tena.

Na mimi, nisifiche, niliamini hivyohivyo. Niliamini miaka mingi.

Mwaka jana jirani yangu hapa mjini Mtwara aliita daktari wa mifugo aje kutazama mbuzi wake. Nilipoiona ile midomo, niliwakumbuka mapacha wa bibi. Yule daktari, dada wa watu, alikuwa amevaa glavu. Nikamuuliza za nini. Akasema hivi ni virusi vya mbuzi na kondoo, vinamwingia na mtu penye mkwaruzo mdogo wa ngozi. Kidonda hukauka chenyewe baada ya wiki kadhaa. Na wapo watu ambao miili yao, ikipambana navyo, hutoa madoa ya mviringo mikononi, nayo huondoka yenyewe.

Nilikwenda siku hiyohiyo Chuno, ambako Somoe anauza vitumbua. Aliolewa baadaye na mtu wa mbali, asiyejua habari za Mpapura. Nilimweleza yote, machozi yakinitoka. Alisikiliza huku akigeuza vitumbua.

"Kwa hiyo daktari kasema sikuiba?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa najua, Zuhura. Wale mbuzi tuliwalisha sote wawili, na vidonda tukapata sote wawili. Nilikuwa nangoja wewe useme."

Miaka yote nilijiona shujaa kwa kukiri bibo moja. Lakini mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja, niliyejua hakutoka usiku kwenda shamba la mtu, na sikufungua mdomo. Nilingoja mtu mwenye glavu aje anipe ruhusa ya kumwamini.

Wateja walikuwa wamesimama na sahani zao. Nikasema kwa sauti, wasikie hata wasioelewa, "Mama Somoe, hukuiba."

Alifuta mikono kwenye kanga. "Umechelewa," alisema. "Ila sema tena."

Nikasema tena.