Skripti Iliyosema SAWA

Niliandika mstari mmoja wa kulinganisha mafaili mawili, na pande zote mbili nikaweka faili lile lile. Miezi mitano kompyuta ikaniambia SAWA, nami nikajiona fundi.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi wa pamba wamejaa Bariadi, kila kampuni na mzani wake, na kompyuta za mtumba zimewafikia hata watu wa ndani kama mimi, wenye cheti cha kidato cha nne na uvivu wa kutoka. Parokia ilinikabidhi daftari la ubatizo. La karatasi lilishaliwa na mchwa. Majina yalibaki kwenye programu ya kizamani ambayo mashine yake ilikufa. Diski yake nzima nikaigeuza faili moja, diski ya kuigiza, inayofunguka ndani ya kompyuta yangu kana kwamba ile marehemu imefufuka. Kila nilipobadilisha kitu niliendesha skripti, programu fupi niliyoiandika mwenyewe, ya kuipima: inaizima ghafla kama umeme wa kwetu, inaiwasha, inailinganisha na nakala ya kabla ya kuzimwa. Ikiona sawa, inafuta ya zamani zaidi kati ya nakala tatu na kuweka mpya.

Jumatano moja asubuhi akaja mama jirani. Binti yake alikuwa afunge ndoa Jumamosi, na padri alisema bila cheti cha ubatizo hafungishi.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Umetoka nje mwezi huu, au nikuletee jua kwenye sahani?"

Nikacheka, nikafungua daftari. Majina yote yalikuwa vimraba vyeusi.

Nikaendesha skripti. SAWA. Nikafungua nakala ya kwanza: vimraba. Ya pili, vimraba. Ya tatu sikutaka kuifungua, nikaifungua. Ndipo niliposoma ule mstari wangu. Diski ilikuwa imeharibika siku nyingi, na skripti yangu, kwa bidii yote, ilikuwa ikifuta nakala nzima na kutunza mbovu.

"Mbona hulisomi?" mama akauliza. "Jina lake ni refu sana?"

Nikamweleza. Nikazima, nikawasha. Nikaendesha tena, kana kwamba aibu ingeirekebisha. SAWA. Watoto wa vigango vyote vya parokia hadi Mwamapalala, miaka na miaka, nimewafuta mimi niliyekaa kitini nikinywa chai. Nikamwambia labda, labda kesho nitapata njia. Sauti yangu mwenyewe haikuniamini.

Mama akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akasimama.

"Usinidanganye na kesho. Nakwenda Nkoma kumleta msimamizi wa ubatizo wa binti yangu, aje amwambie padri kwa mdomo. Ni mzee, anasahau, lakini yeye angalau anajua kwamba anasahau."