Siku Nilipokunywa Maziwa ya Ukweni

Jumatatu, tarehe saba Rajabu. Asubuhi mvua, halafu jua kali, ziwa limetulia.

Naona haya hata kuandika, lakini mjomba Sadiki ameshaitangaza habari hii Rumonge nzima, mji wetu huu wa ziwani, basi bora niseme mwenyewe, na niseme kwa haki, maana bado sijui nani alikosa zaidi (nadhani ni mimi).

Leo tulipanda milima ya juu ya Kizuka, mimi na mjomba, kumposa Bukuru, yule binti anayeshuka sokoni na siagi ya mama yake. Mama yangu hakutaka. "Sisi waungwana, baba yako alikuja na msafara toka Manyema, wewe unataka mushenzi wa milimani?" Nikaondoka na mjomba. Njiani njaa ikaniuma, nikatafuna ndagala kavu, vile visamaki vya ziwa letu, nilizofunga kwenye pindo la shuka, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Walitupokea vizuri, lazima niseme. Baba yake Bukuru alikuwa amewaita ndugu zake wote, akatuletea mtungi wa pombe ya ndizi na mirija yake, mjomba akasema dini yetu inakataza, na yule mzee badala ya kukasirika akaagiza maziwa, heshima ambayo kwao hapewi kila mtu. Nikanywa. Nikanywa mpaka chini, nikasifu, nikavuta pindo nifute midomo, na ndagala zote zikamwagika mkekani mbele ya wakwe.

Mzee akaziinamia. (Nilishasikia kwamba kwao mla samaki hanywi maziwa, eti ng'ombe atakauka chuchu, lakini nilidhani ni habari za zamani.)

"Umekula hizi leo?" mzee akauliza.

"Ndiyo, baba."

Mjomba akataka kutuliza mambo, akacheka: "Mzee, ng'ombe mwenyewe atajuaje?" Hakucheka mtu. Ndugu mmoja akasimama: "Si tulikuambia? Muswahili hana mulima wa kwao, hana ng'ombe, hana mwiko! Huyu ndiye mukwe wako?"

Mzee hakunitukana, na matusi yangekuwa nafuu. Alisema polepole, "Kijana, tangu umuone binti yangu nawaambia hawa kwamba watu wa ziwa ni watu kama sisi. Umenifanya muongo nyumbani kwangu. Nendeni kwa amani, amahoro."

Bukuru alikuwa mlangoni. Akaja na jani la mgomba, akazikusanya zile ndagala bila kuzigusa, akazitupa nje ya ua. Hakuniangalia. Kama ni huzuni au hasira sijui, siwezi kumsemea.

Nyumbani mama akasema, "Afadhali, wajukuu wangu wangenuka siagi." Yule ndugu kule juu na mama yangu hapa chini, ungedhani wamelelewa nyumba moja. Na askari wa Mdachi wakija kukamata wapagazi wanatufunga kamba moja, wao na sisi, hawaulizi nani anakula samaki. Sikumwambia mama hayo. Nilipaswa kumwambia asubuhi, kabla ya kuondoka.

Naapa sitaingia tena nyumba ya watu bila kuuliza kwanza wanaheshimu nini. Kiapo kizuri, ila nyumba niliyoitaka ni ile.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyoungwa kwa mawese. Ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo, na nilimaliza fungu langu lote.