Milango Miwili ya Kupigia Kura

Shangazi yangu hapendi habari za bunge. Zikianza redioni anaacha cherehani yake, anainuka na kuzima, hata kama kuna mteja barazani anasikiliza. Nilipopata ufadhili wa kwenda Ulaya kusoma siasa, na baada ya masomo kufanya mafunzo ya kazi katika ofisi ya mbunge wa huko, alinitazama juu ya miwani akaniuliza kama hakuna ufadhili wa kusomea mambo ya ng'ombe wa maziwa. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nimekaa naye tangu nimalize darasa la saba. Nilizaliwa Ngara, Tanzania, na wazazi wangu wako huko mpaka leo. Baba ndiye aliyenileta Kigali, hapa mtaani Gitega, kwa dada yake, kwa sababu dada yake alikuwa peke yake na jambo hilo lilimnyima baba usingizi. Jamaa zao wengine wote waliuawa wakati wa mauaji ya kimbari. Baba alikuwa ng'ambo ya mpaka, shangazi alikuwa huku. Kwa miaka mingi nilijua hayo tu. Nyumbani hapakuwa na picha ya marehemu hata mmoja, lakini kulikuwa na kiti karibu na mlango ambacho mtu hakaribishwi kukikalia. Nilijifunza kukizunguka nikiwa mtoto, na mpaka leo nakizunguka.

Basi nikaenda Ulaya. Muhula wa kwanza ulikuwa wa vitabu na baridi. Wa pili ndio ulionifurahisha. Ofisi ya mbunge wangu ilikuwa chumba chembamba chini ya ngazi, na kazi yangu ilikuwa kupokea simu za wapiga kura wake. Nilidhani nitasikia mambo ya katiba. Nilisikia habari za mapipa ya taka, na nikajua mengi kuhusu mbwa wa watu nisiowajua.

Lakini siku za kura! Kengele zilikuwa zinalia jengo zima, na watu wazima wenye suti wakitimua mbio kama wanafunzi waliochelewa mstarini. Bunge lile lilikuwa linapiga kura kwa miguu. Wanaokubali wanatoka ukumbini kwa mlango mmoja, wanaokataa kwa mlango mwingine, na kila mlango una watu wa kuwahesabu wanapopita. Mimi nilikaa roshani ya wageni, nikitazama kama mtu aliyelipia kiingilio. Siku moja mbunge wangu alipita mbio na mkate mdomoni.

Jumapili moja mchana nilimpigia shangazi nikamsimulia yote hayo, na jinsi waliokataa walivyokuwa wachache. Nikaigiza na mlio wa kengele. Nilitaka acheke, maana kumchekesha shangazi ni kazi, na nilijua nimepata kisa kizuri.

“Wale ya mlango ya pili,” akasema, “walirudi?”

“Walirudi wapi, Masenge?” Ndivyo ninavyomwita, kwa Kinyarwanda.

“Ndani. Wale walikuwa kidogo. Walirudi?”

Nikamwambia walirudi wote, wakaketi, wakaendelea kubishana, na jioni wakanywa pamoja.

“Uliona na macho yako?”

“Niliona.”

“Mara ingine angalia vizuri,” akasema, akakata simu.

Nilimpigia tena, hakupokea. Nikampigia baba, nikamweleza alichouliza shangazi. Kisha akaniambia. Wakati wa mauaji, shangazi na jamaa zake walisimamishwa barabarani wakiwa wanakimbia. Wakaambiwa hawa upande huu, hawa upande ule. Aliyekuwa anawagawa alikuwa mwalimu wa shule ya jirani, mtu wanayemfahamu, na alimgusa kila mtu begani akihesabu na kumwonyesha pa kwenda. Shangazi akaelekezwa upande mmoja wa barabara, mama yake na wadogo zake upande wa pili. Kwa nini yeye aliachwa, baba hajui. Shangazi mwenyewe hajui.

Tangu siku hiyo bunge lile liliniharibikia. Kengele ikilia, nakimbilia roshani. Wenzangu wa mafunzo walikuwa wanashuka kunywa chai mara tu ukumbi ukiwa mtupu, mimi nabaki roshani kuhakikisha kwamba waliotoka wanarudi. Nilianza kumwona bibi yangu. Sijawahi kuona hata picha yake, lakini baba aliwahi kutaja kitenge cha njano, basi nikamvisha hicho. Alikuwa anatoka kwa mlango wa pili katikati ya zile suti nyeusi, taratibu, hana haraka. Suti zinarudi, yeye harudi. Niliogopa, nasema wazi, na sikuwa na wa kumwambia. Mbunge akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni baridi. Huko baridi inasingiziwa mambo mengi.

Niliporudi Kigali majirani walikuwa wameshanibatiza Mheshimiwa. Haikupita muda, mkuu wetu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu mdogo, akahama, na ikabidi achaguliwe mwingine. Kwetu uchaguzi huo ni wa mistari. Wagombea wanasimama mbele, na kila mkazi anakwenda kusimama nyuma ya anayemtaka. Siku kama hiyo shangazi hujifungia ndani, na majirani, kwa kuwa wanajua, hawamgongei mlango. Safari hii waliniomba mimi niwahesabu watu, maana nimetoka bungeni. Sifa zilinipanda kichwani, nikakubali palepale.

Nilimwambia akiwa anakunja pindo la sketi ya mteja. Mguu wake ukasimama kwenye cherehani.

“Utawagusa?”

“Nitawahesabu tu, Masenge.”

“Hata yule mwalimu alikuwa anahesabu tu.”

Nikasema basi, nitakwenda kukataa. Akasema nimeshakubali mbele za watu, nisimtie aibu. Akarudi kwenye pindo lake, na asubuhi ya uchaguzi nilipotoka nikasikia ufunguo ukizunguka nyuma yangu. Niliona uchungu. Nilihisi namwacha mle ndani pamoja na wote ambao hawakurudi, na kwamba mimi ndiye niliyewaita.

Uwanjani kulikuwa na vicheko. Wagombea walikuwa wawili, mama muuguzi na mwenye duka la pembeni. Watu walitaniana huku wakijipanga, huyu akimvuta huyu, yule akimwambia mwenzake asahau kukopeshwa sukari. Mstari wa muuguzi ulifika hadi kwenye goli na kukunja kona. Wa mwenye duka ulikuwa mfupi, wa kuhurumiwa. Nikaanza na huo. Kwetu anayehesabu hugusa bega, ili kila mmoja ajue ameshahesabiwa, nami nikawa nagusa na kutaja namba kwa sauti, nikijitahidi kutofikiri.

Mwisho wa mstari alikuwa amesimama shangazi.

Sikumwona alipofika. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, amefumba macho, mabega ameyapandisha karibu na masikio. Baadaye aliniambia kwamba huyo mwenye duka hata hampendi. Alifika, akaona upande mmoja watu ni wachache, akaenda kusimama nao. Vicheko vilikoma. Mkono wangu ukabaki hewani na namba zote zikanipotea.

“Samahani,” nikawaambia watu. “Naanza upya.”

Hakuna aliyelalamika. Nikarudi mbele, nikahesabu tena, polepole, nikimwangalia kila mmoja usoni kabla ya kumgusa. Nilipomfikia mara ya pili alikuwa amefumbua macho, ananitazama mimi, si mkono wangu.

“Hesabu, mwana,” akasema. “Mimi iko hapa.”

Nikamgusa begani. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na hakuondoka.