Aldra na Vigae vya Mama Yake

Asubuhi hii yenye ukungu, Aldra amepiga magoti kando ya kijito, anatwanga vigae vya chungu juu ya jiwe. Unga wake atauchanganya na udongo. Bila huo chungu hupasuka motoni, na mawifi zake hawakosi la kusema.

Ni mfinyanzi wa wafuga ng'ombe wa nyanda za mchanga, ingawa hakuzaliwa hapa. Alitoka pwani, kwa wakulima wanaozika watu wao pamoja katika nyumba moja ya mawe. Huku kila marehemu ana kaburi lake chini ya kilima cha udongo uliorundikwa, na kikombe chake pembeni.

"Nilipoolewa nilibeba chungu cha mama, basi," anasema. "Kikavunjika njiani. Nililia, nikaokota vigae."

Baba mkwe alipofariki, Aldra ndiye aliyefinyanga kikombe cha kaburini. Alikizungushia alama za kamba shingoni, kama desturi ya huku. Lakini kwenye udongo alitia vigae vya mama yake, maana kwao chungu kipya hupewa kitu cha chungu cha zamani. Wala hakuficha.

Hapo pakachafuka. Shemeji yake, Brosk, akasema mgeni anatiwa kaburini mwa baba, mwanamke huyu arudishwe kwao. Mumewe akainamisha kichwa. Aldra akaanza kufunga mizigo.

Aliyemwokoa ni mama mkwe, Vorna, bibi mwenye ulimi mkali. Alikijaza kile kikombe pombe ya asali, akanywa mbele ya wote.

"Wewe Brosk, mimi nililetwa hapa kutoka wapi? Na bibi yako je? Umenyonyeshwa na mgeni, ukanenepa. Kaa chini ule."

Kikombe kikazikwa, Aldra akabaki. Mpaka leo akisimulia hufuta machozi kwa mkono wenye udongo.

"Namshukuru yule mama kila siku. Asingenywa, ningekuwa wapi?"

Sasa Vorna yu hoi kitandani. Kikombe cha leo ni chake, na amekiagiza mwenyewe: alama za kamba, na vigae vya pwani viwemo. Vilivyobaki ni vichache, Aldra anavitwanga vyote bila kinyongo.

Bibi huyo ameshawaambia wanawe wamchimbie pembezoni mwa kilima, wabakize nafasi ya kaburi jingine nyuma ya mgongo wake.

"Kaniambia, 'Mwanangu, hapo ni pako,'" anasema Aldra. "Basi sirudi pwani. Siku yangu ikifika, nataka nilale hapo."