Dole Gumba la Bibi

Juzi binti yangu wa mwisho alinikalisha mbele ya kompyuta yake hapa Kamunyonge. Eti fundi mwashi siku hizi lazima awe na tovuti. Usidhani anaijenga kuanzia msingi. Anachukua kiolezo, ukurasa ambao mtu keshaupanga, anafuta maneno ya wenyewe anaweka yetu. Juu kulikuwa na picha ya mzungu anacheka. Chini yake pameandikwa: Elimu.

"Hapa tufute tu, baba," akasema, haniangalii.

Nimechoka, ndugu yangu, lakini hapo niligoma. Niliishia darasa la tatu, na nyumba ngapi za mtaa huu ni mkono wangu!

"Acha hapo. Mimi nilisoma kwa bibi."

Ilikuwa kijijini, Buswahili. Masika iliangusha ukuta wa bibi, nikatolewa shule tufyatue matofali. Tulikuwaga tunakanyaga tope mpaka miguu inakufa ganzi, tunakunywa uji wa ulezi, tunarudi topeni. Kalibu, kile kisanduku cha mbao cha kufyatulia, ilikuwa ya kuazima, na tanuru tulichoma pamoja na jirani. Matofali yakitoka, yote pacha. Ndiyo maana bibi alikuwa akibonyeza dole gumba kwenye kila tofali bichi.

Siku ya kupakua jirani akajisahaulisha, akabeba ya kwetu. Bibi alipomzuia, akajitetea:

"Mama, haya si yangu?"

Bibi akatia dole kwenye kishimo, likaenea. "Haya, tia na lako tuone."

Jirani akacheka mpaka akakaa chini, akayarudisha. Bibi alisemaga: kalibu ni ya wote, dole ni la mwenyewe.

Binti aliposikia hayo akataka tukapige picha tofali lenye dole, tumwondoe yule mzungu. Jumapili tukaenda Buswahili. Nyumba ipo. Ndugu zangu wameipiga plasta nje na ndani, wakapaka rangi. Nikapapasa ukuta wote kwa kiganja. Laini kama sahani. Nimlaumu nani? Plasta ndiyo kazi iliyonilisha. Mimi mwenyewe nimeziba madole ya mabibi wangapi?

"Sasa nipige picha ya nini, baba?"

"Piga ukuta huohuo. Halafu penye Elimu uandike: bibi yangu, yumo humu ndani."